Fensi Isiyoonekana Kwenye Mpaka wa Shemeji

Wacha niwahadithie mwenyewe, maana nikiwaachia watu wa steji ya Keroka mtasikia kwamba nilimshtaki mbwa kwa wazee wa ukoo, au kwamba mbwa ndiye alinishtaki mimi, na ukweli ni kwamba hiyo ya pili haiko mbali sana na yaliyotokea. Nimeaibika mara nyingi maishani (nimewahi kuanguka na keki ya harusi, na harusi yenyewe haikuwa yangu), lakini aibu ya Jumapili ile iko peke yake. Hadi leo nikipita kituo cha kupimia majani chai kuna mama mmoja lazima aniulize, "Makori, fensi bado iko? Ama ni sisi tu hatuioni?" halafu wanacheka wote mpaka karani anasahau kusoma mizani.

Mimi ni fundi wa sola na kamera za usalama, nina kaduka Keroka, na nyumbani ni kule juu upande wa Nyamira, mahali ambapo kila mtu ana chai kidogo, migomba kidogo na ugomvi kidogo wa shamba. Letu ni lile la marehemu baba. Alitugawia kwa mdomo, kaka yangu mkubwa upande wa chini na mimi upande wa juu, akatuonyesha mpaka kwa fimbo, kisha akaenda zake bila kuacha karatasi yoyote yenye majina yetu. Kaka naye akafariki miaka mitatu iliyopita, akamwacha mkewe Nyaboke, ambaye ndiye shemeji ninayetaka mumjue leo, pamoja na mabinti wawili walio shule ya bweni. Mabinti tu. Mtoto wa kiume hakuna, na kwetu hiyo inatosha watu kuanza kuongea kwenye matanga, eti shamba la mtu aliyeacha wasichana mwishowe hurudi kwa ndugu zake.

Shemeji Nyaboke ni mwanamke mdogo wa mwili, anaongea polepole, na sijawahi kumsikia akiinua sauti hata kwa ng'ombe. Kati yangu na yeye hakuna ukuta wala waya. Chai yangu inaishia, hapo ndipo mpaka, halafu kuna kajia kembamba ambako ni kake, halafu mahindi yake, halafu nyumba yake na banda la kuku. Msisahau hako kajia.

Halafu kuna Sajini. Sajini ni mbwa wangu, mkubwa, rangi ya majani makavu ya mgomba, sikio moja limesimama na lingine limelala, na nampenda kuliko ninavyoweza kusema mbele ya wazee. Ni mbwa mwerevu ajabu. Shida yake ilikuwa moja, alipenda kuku, na si kwa njia ambayo kuku wangependa kupendwa.

Siku moja shemeji alikuja mlangoni kwangu, akasimama kando, akakataa kuingia. "Shemeji," akasema, "nilikuwa na kuku kumi na mmoja. Sasa wako saba. Sisemi ni nani." Akamtazama Sajini. Sajini akatazama upande wa Kericho.

Nilimwomba msamaha, nikampelekea jogoo wangu mmoja, nikamwambia, "Hilo niachie mimi, nitalishughulikia." Mwezi ukapita. Si kwamba nilisahau, kazi zilikuwa nyingi, mnajua watu wa Kisii mjini wakianza kuwekeana kamera kila mmoja anataka ya kwake iwe juu kuliko ya jirani. Kumfunga Sajini mnyororo nilikataa, kwa sababu mbwa wa kufungwa mchana kutwa anakuwa na hasira za mtu aliyenyimwa kazi. Basi nikakaa hivyo hivyo, nikijisemea nitapata njia.

Njia ikaja ndani ya boksi. Mteja wangu mmoja aliyekuwa akihama nchi aliniachia vitu vyake vya umeme, na ndani ya hivyo kulikuwa na fensi ya mbwa. Si fensi ya kuona kwa macho. Unafukia waya mwembamba ardhini kuzunguka mahali unapotaka mbwa aishie, unaunganisha waya na kimashine ndani ya nyumba, halafu mbwa anavaa kola. Akikaribia waya, kola inalia tii, tii, na akizidi kusonga inamfinya kidogo shingoni kwa stima, si ya kumuumiza, ya kumkumbusha tu. Kitabu chake kilisema uchomeke alama ndogo juu ya waya ili mbwa aone mpaka, umtembeze kwa kamba asubuhi na jioni, kola ikilia umvute nyuma, umsifu, umpe kitu kitamu, na baada ya wiki mbili au tatu anaelewa, unaondoa alama. Nilisoma kile kitabu nikajisikia nimezaliwa kwa ajili yake. Fundi kama mimi! Kuku wa shemeji wapone, Sajini awe huru, na kijiji kizima kinyooshe shingo kuniangalia.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kukosea, na nilikosea kwa mambo madogo madogo, kila moja ukiliangalia peke yake unasema hiyo ni kitu gani. Kwanza, niliamua nisiambie mtu. Mke wangu Bosibori nilimwambia kwa sababu alinikuta na kola mkononi, lakini wengine wote nikasema wataona ikiwa imekamilika, maana niliogopa kuchekwa (mtu mzima kumwekea mbwa stima wakati kuna nyumba hazina), na shemeji nilitaka nimshangaze. Bosibori alisema, "Baba Kemunto, mwambie tu mapema." Nikamwambia wewe ngoja.

Pili, alama zilizokuja na lile boksi zilikuwa nne tu, zingine zilipotea, basi nikachonga vigingi vya mti na kuvipaka rangi nyekundu iliyobaki dukani. Nyekundu ile ile ya wapima ardhi. Mnanitazama hivyo kwa nini? Rangi ilikuwa ya bure!

Tatu, na hii ndiyo mama yao wote, nilipoanza kuchimba pale chai yangu inapoishia jembe liligonga mizizi, na chai ile aliipanda baba, sikuwa na moyo wa kuikata. Lakini kule ng'ambo ya kajia, upande wa mahindi ya shemeji, udongo ulikuwa laini kama unga. Ni hatua tatu tu. Nikajiambia waya si ukuta, hauli ardhi, na kuku ni wake, kwa hivyo hata ardhi ikitoa mchango kidogo si mbaya. Nikavuka kajia nikachimba. Ijumaa nzima, mtaro mwembamba ulionyooka kutoka barabarani hadi mtoni, na vigingi vyekundu kumi na tisa vimesimama juu yake.

Alasiri shemeji akatokea na kikapu cha mboga kichwani. Akasimama. "Bwairire, shemeji," akanisalimia.

"Bwairire."

"Unafanya nini hapa?"

Na mimi, kichwa kikubwa, nikifuta jasho na tabasamu la mtu anayeficha zawadi mgongoni, nikamwambia, "Ah, ni kitu kidogo tu. Utaona Jumapili."

Akatazama vigingi kimoja kimoja, midomo yake ikisogea kama mtu anayehesabu. Halafu akasema, "Sawa. Nitaona," akaenda zake. Nikafikiri amefurahi. Jameni, nilifikiri amefurahi!

Kabla jua halijazama nilimtoa Sajini kwa kamba kwa somo lake la kwanza. Nilipofika pale chai inapoishia, kabla hata ya kajia, Sajini akakaa chini. Nikamvuta, akakataa. Nikamvuta tena kwa nguvu, akakubali kama mtu anayelazimishwa kwenda kortini, tukafika kwenye vigingi, kola ikalia tii, naye akanitazama kwa jicho la kusema nilikuambia. Nikamwambia Bosibori, "Umeona mbwa huyu? Ameelewa kabla sijamfundisha!" Nilijivunia ualimu wangu sana jioni ile.

Jumamosi, Sabato yetu, tukaenda kanisani. Niliona watu wananisalimia kwa ncha za vidole, nikadhani ni baridi. Mzee wa kanisa akasimama kuhubiri, na somo lake likawa juu ya watu wanaosogeza mipaka ya wajane wakidhani Mungu haoni. Somo zuri, lilinigusa kabisa. Nikaitikia "Amina!" Nikaangalia nyuma nikaona hakuna mwingine aliyeitikia, nikafikiri watu wa leo wamepoa, wacha nimsaidie mhubiri, nikaongeza "Amina!" ya pili na ya tatu, na ya nne nikasema, "Waambie, mzee!" Kanisa zima likageuka kunitazama. Bosibori alinifinya paja mpaka leo kuna alama.

Kile ambacho sikujua ni kwamba Ijumaa ile ile, kabla Sabato haijaingia, yule mwanamke mdogo alikuwa ameweka kikapu chake chini na kutembea kwa miguu nyumba kwa nyumba, mlima huu na mlima ule, kwa wazee wote watano wa ukoo na kwa mzee wa kanisa wa sita. Hakulia, hakunitukana. Kila mlango alisema maneno yale yale, wananiambia wenyewe, "Shemeji amechomeka vigingi ndani ya shamba langu na amesema nitaona Jumapili. Naomba mje muone pamoja nami."

Tuliporudi nyumbani mchana nikamkuta ameketi kwenye kiti kidogo katikati ya vigingi vyangu, bado na nguo yake nyeupe ya kanisani, kitabu cha nyimbo mapajani, anaimba taratibu. Nikasema, ona, shemeji ametoka kupunga upepo. Nikamtuma Bosibori na chai. Ilirudi haijaguswa. "Baba Kemunto," Bosibori akaniambia, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "yule mama hajakaa pale kupunga upepo. Nimejaribu kumweleza, ameniambia atasikia kutoka kwako. Enda umwambie sasa hivi." Nikasema kesho ni kesho, atacheka mwenyewe akiona. Nikiwaza sasa nafikiri siku ile masikio yangu yalikuwa yameenda likizo.

Jumapili asubuhi nikavaa suti. Ndiyo, suti, kwa sababu nilipochungulia dirishani niliona watu wanakuja, nikafikiri shemeji ameeneza habari na wamekuja kuona teknolojia. Walikuwa wengi kama watu wa matanga. Wachuma chai na vikapu vyao, wamama waliotoka misa, waendesha boda wa Ekerenyo ambao sijui nani aliwaambia, na mbele yao wazee watano na fimbo zao, wakiongozwa na Mzee Onchiri, mwenyekiti wa wazee wa ukoo, mtu ambaye akikohoa watu huvua kofia.

Nikatoka nikitabasamu. "Karibuni, karibuni sana!"

Mzee Onchiri hakukaribia. "Makori," akasema, "mpima ardhi wako yuko wapi?"

"Mpima ardhi? Hakuna, mzee wangu."

"Kwa hivyo umejipimia mwenyewe."

Niliviona vigingi vyangu vyekundu kwa macho ya watu wale kwa mara ya kwanza, nikaona mstari ulionyooka, nikaona hatua tatu, nikamwona mjane kwenye kiti. Nikaanza kuongea haraka. "Hapana, hapana, mzee, hii ni fensi! Ni fensi ya mbwa!"

"Fensi iko wapi?"

"Iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Haionekani," nikasema.

Bibi mmoja mzee akapiga makofi mara moja. "Yaya, hapana! Fensi haionekani, lakini shamba la mwenyewe umeliona vizuri sana." Watu wakacheka, na si kicheko kile cha kukupenda.

Mzee Onchiri akainua fimbo, wakanyamaza. Akamgeukia shemeji. "Mama Moraa, sema."

Akainuka. Ninataka mjue alivyosimama, kwa sababu mimi mwenyewe pamoja na aibu yangu nilijikuta nimeacha kujitetea ili nimsikilize. Hakunionyesha kidole. Aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao wa kwanza, akawashukuru kwa kuja, halafu akasema, "Mimi sina karatasi. Mnajua sina. Lakini mume wangu alinitembeza hapa mwaka nilioolewa, na baba mkwe akiwa hai. Chai ya shemeji ni mistari ishirini na mbili kutoka kwa ule mparachichi wake. Mstari wa mwisho ndio mpaka. Kajia ni kangu, hatua mbili. Kutoka kajia hadi mlango wangu ni hatua sitini na moja. Hesabuni. Mkipata tofauti, nitaondoka na watoto wangu bila maneno."

Wazee wawili wakaenda kuhesabu. Mistari ishirini na mbili. Hatua mbili. Hatua sitini na moja, na mzee aliyehesabu ana miguu mirefu kuliko yeye kwa hivyo alipata hamsini na nne, lakini shemeji akamwambia kwa heshima atumie miguu ya mwanamke, akaitwa mama mmoja, akapata sitini na moja. Jasho lilinitoka ndani ya suti. Mimi niliyezaliwa kwenye shamba hilo sikujua nina mistari mingapi ya chai!

Sasa mtu mwenye akili angepiga magoti hapo na kuomba msamaha. Mimi nikasema, "Wazee, nipeni dakika mbili niwaonyeshe inavyofanya kazi." Nikakimbia kumleta Sajini, nikamfunga kola mbele ya wote, nikaeleza waya, nikaeleza kimashine, nikaeleza stima ya kumfinya kidogo (bibi yule akasema, "Maskini mnyama"), nikamwacha Sajini kwangu katikati ya chai, halafu nikavuka kajia, nikavuka vigingi, nikasimama kwenye mahindi ya shemeji na kipande kikubwa cha nyama mkononi. "Nitamwita," nikatangaza, "na hatafika. Tazameni. Sajini! Njoo! Njoo, kijana wangu!"

Sajini akaja mbio. Nyama ilikuwa na mafuta, ilinukia, na masikio yake yote mawili yalisimama. Alipita mstari wa ishirini, wa ishirini na moja, wa ishirini na mbili, na hapo, jameni, akasimama ghafla. Akakaa. Mate yanadondoka, mkia unafagia ardhi, lakini hakusogea hata unyayo mmoja.

Niliruka juu na suti yangu. "Mmeona! Mmeona! Stima imemzuia! Si niliwaambia? Mmeona fundi?" Niliinua ile nyama hewani kama kikombe cha mpira.

Na hapo ndipo sauti ya Bosibori ilipotoka dirishani, wazi kabisa, kila mtu akasikia. "Baba Kemunto! Stima ilipotea tangu asubuhi!"

(Mimi ni fundi wa sola. Nimewawekea watu sola kutoka Nyacheki hadi Keroka. Nyumbani kwangu bado natumia stima ya kawaida. Chekeni, nimezoea.)

Nilibaki na nyama juu. Watu walikuwa wananitazama, wanamtazama mbwa. Mzee Onchiri akatembea polepole mpaka alipokaa Sajini, akainama, akaangalia, akarudi mpaka kwenye vigingi vyangu. "Makori. Kama fensi yako ingekuwa inafanya kazi, mbwa angesimama hapa kwenye vigingi, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mbona amekaa pale?"

Jibu lilitoka nyuma yangu.

"Kwa sababu pale ndipo mpaka," akasema shemeji. "Nilimfundisha mimi."

Akaeleza bila kujigamba, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika ugali. Alipoona siku zinapita na mimi sifanyi kitu, alianza kumngoja Sajini kila asubuhi mimi nikishaenda Keroka. Akivuka mstari wa mwisho wa chai, anamwambia "Rudi kwenu" na kumsukuma nyuma kwa mkono, hampigi. Akikaa kwenye chai, anampa ukoko wa ugali. Akivuka, ukoko hakuna. Siku nne za kwanza mbwa hakusikia. Ya tano akafikiri. Wiki ya pili alikuwa anakaa mwenyewe akingoja ukoko wake. "Ni kama wiki tatu sasa hajagusa kuku wangu," akasema. "Shemeji hajaniuliza."

Kisha akageuka akamtazama Sajini, akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Njoo." Mbwa akainuka, akavuka kajia, akapita vigingi vyangu vyekundu na kola yake ya gharama kama vile si kitu, akapita mkono wangu wenye nyama, akaenda akalala miguuni mwake.

Lo! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye mahindi. Mzee mmoja alisema ukoo huu sasa una shahidi mmoja mkweli na ana miguu minne. Mwendesha boda akapiga picha. Na mimi, amini usiamini, katikati ya kuchekwa nilijikuta namtazama yule mwanamke kwa mshangao kabisa. Mimi nilikuwa na kitabu, waya, mashine na rangi. Yeye alikuwa na ukoko na subira, na kazi yake ilisimama hata stima ikipotea.

Nikasema, "Shemeji, nisamehe. Nilitaka kuokoa kuku wako. Walahi sikutaka shamba lako."

"Najua sasa," akasema. Kicheko kikapungua, maana aliendelea kusimama. "Lakini Ijumaa sikujua. Na nikuambie kwa nini sikujua. Mbwa wako nimemfundisha wiki mbili akanielewa. Wewe nimekuomba miaka mitatu twende Nyamira uweke sahihi kwenye karatasi za shamba la baba, kila mara unaniambia wiki ijayo."

Mzee Onchiri alitazama chini. Na mimi nitawaambia ukweli, kwa sababu nimeanza nao. Sikuwa na nia mbaya na shamba lile. Lakini pia sikuwa na haraka. Watu walipokuwa wakisema kwenye matanga kwamba la wasichana hurudi kwa ndugu, mimi ndugu mwenyewe nilikuwa nimekaa pale, nimeshika sahani, na sikuwahi kusema kwamba si kweli. Kumbe yeye aliusikia ukimya wangu vizuri zaidi kuliko maneno yao.

Niling'oa vigingi mwenyewe, kumi na tisa, mbele ya wote, na suti yangu. Jumatatu duka halikufunguliwa. Tulienda Nyamira, mimi, yeye na Mzee Onchiri, nikaweka sahihi kila mahali nilipoonyeshwa. Baadaye tukarudi tena, na tena, mnajua mambo ya ofisi, na mpima ardhi wa kweli alipokuja na kuuliza ni nani wa kumwonyesha mpaka, wazee walisafisha koo na mimi nikasafisha la kwangu kwa mazoea, halafu nikarudi nyuma nikasema, "Muulize mama." Akatangulia.

Siku alipokabidhiwa hati tulitoka nje ya ofisi tukasimama juani. Aliishika kwa mikono miwili, hakuikunja. Akaniuliza, "Hii, hata ukinikasirikia, haiwezi kuchukuliwa?"

"Haiwezi, shemeji."

"Hata mtu akikushawishi?"

"Hata hivyo."

"Na watoto wako wakikua?"

"Hawawezi. Ni yako na mabinti."

Basi akacheka, kicheko kirefu, mpaka akashika ukuta, na nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu kaka azikwe. Nikacheka naye. Halafu katikati ya kucheka nikayarudia yale maswali yake kichwani, moja baada ya lingine, nikaelewa kwamba miaka ile mitatu, mtu aliyekuwa anamwogopa kuliko wote ni mimi. Nilijifanya naangalia simu.

Kwa hivyo nimeapa, na nyinyi ni mashahidi. Nikitaka kumtendea mtu jema, nitamwambia kabla sijashika jembe. Na mtu akiniomba sahihi anayostahili, naiweka siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kuhesabu hatua za kwenda mlangoni kwake.